Namna ya Kuchagua Baruti kwa Risasi za Bastola Zenye Vichwa vya Kusubu

Katika maduka ya zana za walenga shabaha nchini Marekani, rafu ya baruti hubeba makopo mengi yenye majina yasiyomweleza mgeni chochote: Bullseye, Unique, Titegroup, HP-38, 2400, N320. Mtu aliyekwisha kusubu vichwa vyake vya kwanza vya risasi, yaani kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu, akayaosha maganda yake na kununua fataki, vile vidude vya kitakoni mwa ganda vinavyoiwasha baruti, husimama mbele ya rafu hiyo na kumwuliza muuzaji ni baruti ipi iliyo bora. Swali hilo halina jibu, kwa kuwa baruti haichaguliwi kwa jina wala kwa sifa zake peke yake. Huchaguliwa kwa kufuata mpangilio unaoanzia kwenye kichwa cha risasi, ukapita kwenye mtutu na kwenye ganda, na baruti yenyewe ikaja mwisho. Mwongozo huu unaufuata mpangilio huo hatua kwa hatua, na mfano wake mkuu ni ganda la bastola liitwalo .38 Special, kwa sababu ndilo ambalo wajazaji wengi, yaani watu wanaojaza maganda na kujitengenezea risasi, huanza nalo na ndilo linaloonyesha waziwazi matatizo yote yanayohusika.

Kabla ya hatua yoyote, yapo mambo mawili ya kuwekwa sawa. La kwanza ni sheria. Nchini Marekani, raia anayejaza risasi kwa matumizi yake mwenyewe hahitaji leseni ya serikali kuu, ila anayezitengeneza ili aziuze sharti awe na leseni ya utengenezaji. Wasomaji wetu walioko huko wakumbuke kwamba mwenye ukaazi wa kudumu hatendewi sawa na mwenye viza ya muda, kwa kuwa sheria ya serikali kuu humkataza huyu wa pili kumiliki silaha na risasi, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa humo, na majimbo nayo yana masharti yake. Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai, kwa hiyo msomaji aliyeko huko asome haya kwa ajili ya elimu tu.

Jambo la pili ni kwamba humu hamna kipimo hata kimoja cha baruti cha kujaza. Vipimo hutolewa na watengenezaji wa baruti wenyewe, ambao wamevipima kwa mitutu maalumu ya maabara, na kampuni ya Lyman, iliyoanzishwa mwaka 1878, huchapisha kitabu kizima cha vipimo vya vichwa vya kusubu. Kipimo kilichonukuliwa kutoka kwa rafiki, hata kama rafiki huyo amekitumia kwa miaka mingi katika bastola yake, hakifai kuwa chanzo.

Hatua ya kwanza: kijue kichwa ulichokisubu

Andika mambo manne kuhusu kichwa chako: uzito wake, kipenyo chake, ugumu wa madini yake, na kilainishi au rangi iliyokipaka. Uzito hupimwa kwa greni, ambayo ni takriban miligramu 64.8, na greni 7,000 hufanya pauni moja. Kalibu iliyoandikwa greni 158 si lazima itoe kichwa cha greni 158 kamili, kwa kuwa madini yenye antimoni na bati nyingi ni mepesi kuliko risasi tupu, yaani madini ya risasi yasiyochanganywa na kitu. Pima vichwa kumi, uchukue wastani, kisha utafute vipimo vya uzito huo au vya uzito unaozidi huo kidogo.

Ugumu hupimwa kwa kipimo cha Brinell. Risasi tupu huwa na ugumu wa karibu 5. Mchanganyiko wa Lyman nambari 2, wenye risasi asilimia 90, bati 5 na antimoni 5, hufikia karibu 15. Linotype, ambayo ilikuwa madini ya wachapaji wa magazeti, yenye antimoni asilimia 12 na bati 4, hufikia karibu 22. Vizani vya magurudumu ya magari, ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa chakula cha wasubu wa Marekani, vilikuwa kati ya 9 na 12, lakini siku hizi vingi ni vya zinki au chuma, na ndoo moja ya vizani inaweza kuwa na mchanganyiko wa vyote vitatu. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi na zinki kwa nyuzi 419, kwa hiyo anayeshika joto la chini ataona zinki ikielea na ataweza kuiopoa kabla haijaharibu sufuria nzima.

Kwa nini ugumu unahusu baruti? Kwa sababu gesi ya baruti hukisukuma kichwa kwa nguvu inayoweza kukipanua kitako chake mpaka kikajaza mifuo ya mtutu, ile michirizi ya ndani inayokizungusha kichwa, na kuziba njia ya gesi. Kichwa kigumu mno kwa shinikizo dogo hakipanuki, na gesi ya moto hupenya ubavuni mwake ikikwangua madini na kuyabandika mtutuni. Kichwa laini mno kwa shinikizo kubwa huteleza juu ya mifuo badala ya kushikwa nayo. Iko kanuni ya makadirio inayozidisha ugumu wa Brinell kwa 1,422 ili kupata shinikizo, kwa pauni kwa inchi ya mraba, ambalo madini hayo huanza kulegea chini yake. Ugumu wa 12 hutoa takriban 17,000, na hicho ndicho kiwango cha juu cha .38 Special ya kawaida. Hesabu hiyo inavutia kwa jinsi inavyolingana, lakini isichukuliwe kuwa sheria. Kwa kanuni hiyo hiyo ganda la 9mm Luger lingedai ugumu wa karibu 25, ilhali walenga shabaha wengi hutumia vichwa vya ugumu wa 15 au 16 katika 9mm bila kuona utando wowote wa risasi mtutuni, mradi kipenyo kimekaa sawa. Elmer Keith, mwindaji wa Idaho aliyeifanya .44 kuwa maarufu, alitumia mchanganyiko wa sehemu moja ya bati kwa kumi na sita za risasi, ambao ni laini ukilinganisha na vichwa vigumu vinavyouzwa madukani leo, na aliusukuma kwa nguvu kubwa.

Hatua ya pili: pima mtutu kabla ya kuilaumu baruti

Hatua hii hurukwa mara nyingi, na ndiyo inayowafanya watu wabadilishe kopo baada ya kopo bila nafuu. Utando wa risasi ndani ya mtutu, mara nyingi kuliko chanzo kingine chochote, hutokana na kichwa chembamba. Kanuni ya jumla ni kwamba kichwa cha kusubu kizidi kipenyo cha mifuo kwa sehemu moja ya elfu ya inchi hivi. Kwa .38 Special kipenyo cha kawaida ni inchi 0.358, kwa 9mm ni 0.356, na kwa .45 ACP ni 0.452, lakini mitutu hutofautiana, hasa ya 9mm, na ipo kila sababu ya kupima wa kwako badala ya kuamini namba ya kitabuni.

Kupima si kazi ngumu. Hakikisha bastola haina risasi hata moja, paka mtutu mafuta kidogo, kisha pitisha taratibu kipande cha risasi tupu kwa kijiti cha shaba nyeupe au cha mbao ngumu, na upime kipande hicho kwa maikromita. Kalipa ya kawaida haitoshi kwa kazi ya sehemu moja ya elfu ya inchi. Mwenye bastola ya silinda apime pia midomo ya chemba zote, kwa maana zipo bastola ambazo midomo hiyo ni myembamba kuliko mtutu, na kichwa kilichosubiwa kwa kipenyo sahihi hubanwa hapo kikafika mtutuni kikiwa tayari kimekonda. Baruti yoyote utakayonunua haitalitibu hilo.

Mahali utando unapojitokeza pia panasema kitu. Ukianza mara tu baada ya chemba, shuku kipenyo au ulinganifu wa ugumu na shinikizo. Ukitokea karibu na mdomo wa mtutu, kilainishi kimeisha njiani. Mchanganyiko wa zamani wa nta ya nyuki na kilainishi kiitwacho Alox kwa sehemu sawa bado unafanya kazi nzuri katika bastola za mwendo wa kawaida, na upakaji wa rangi ya unga inayookwa kwenye oveni umeenea kwa sababu hupunguza moshi na kumwepusha mpakaji na uchafu wa nta vidoleni.

Hatua ya tatu: tambua ganda lako linavumilia nini

SAAMI, taasisi ya watengenezaji wa silaha na risasi wa Marekani, imeweka viwango vya juu vya shinikizo kwa kila ganda. Kwa pauni kwa inchi ya mraba, .45 Colt ni 14,000, .44 Special ni 15,500, .38 Special ni 17,000, .45 ACP ni 21,000, 9mm Luger na .357 Magnum ni 35,000, na .44 Magnum ni 36,000. Magenge mawili yanajitokeza hapo, la wazee wa shinikizo dogo na la vijana wa shinikizo kubwa, na kila moja lina baruti zake.

Wazee hao wana historia inayofafanua tabia zao. Ganda la .45 Colt ni la mwaka 1873 na la .38 Special ni la 1898, na yote mawili yalitengenezwa kwa baruti nyeusi, ambayo huchukua nafasi kubwa. Baruti za leo zisizo na moshi zinahitaji sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo, na iliyobaki hukaa tupu. Ganda la 9mm, la mwaka 1902, lilibuniwa tangu mwanzo kwa baruti isiyo na moshi, kwa hiyo ni fupi na hujaa vizuri. Tofauti hii ndiyo itakayotawala uchaguzi katika hatua ya tano.

Hatua ya nne: chagua tabaka la kasi ya kuungua

Baruti huungua kwa kasi mbalimbali, na majedwali yanayozipanga kutoka ya haraka hadi ya polepole yanapatikana kwa urahisi. Jedwali la aina hiyo husaidia kuchuja tu. Baruti mbili zinazofuatana kwenye orodha hazibadilishani vipimo, na mpangilio wenyewe hugeuka kulingana na ganda na uzito wa kichwa.

Kwa risasi za shabaha zenye mwendo mdogo, tabaka la haraka ndilo linalofaa: Bullseye ya Alliant, ambayo asili yake ni kampuni ya Laflin & Rand mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, pamoja na Titegroup ya Hodgdon, Red Dot ambayo ni ya bunduki za marisau, na N310 na N320 za Vihtavuori kutoka Ufini. Baruti hizi hufikia shinikizo la kutosha kwa kiasi kidogo, huungua kikamilifu hata risasi ikiwa dhaifu, na hazimalizi kopo upesi. Kwa vichwa laini vyenye kitako cha shimo, vya greni 148, vinavyopendwa na walenga shabaha wa .38, tabaka hili latosha kabisa. Vichwa hivyo visisukumwe kwa nguvu kupita vipimo vyake, kwa kuwa sketi yake, yaani ukuta mwembamba unaolizunguka shimo hilo, inaweza kukatika na kubaki mtutuni.

Tabaka la wastani ndilo ninalompendekeza mtu anayetaka kopo moja tu kwa kazi nyingi. Humo mna Unique, mna HP-38 na Winchester 231, ambazo ni baruti moja iliyotiwa katika makopo mawili, na mna Accurate nambari 5. Tabaka hili linakisukuma kichwa cha greni 158 katika .38 Special kwa mwendo wa kawaida wa kiwandani, linafaa .45 ACP, na linafaa 9mm bila kumlazimisha mjazaji afike ukingoni mwa jedwali la vipimo ili bastola ijiendeshe, yaani ilitupe ganda na kuingiza risasi nyingine yenyewe.

Tabaka la polepole, yaani 2400, H110 na Winchester 296, ni la magnamu, zile risasi za nguvu kubwa kama .357 na .44 Magnum. H110 na 296 nazo ni baruti moja kwa majina mawili. Tahadhari yake ni kubwa na inakwenda kinyume na mazoea: Hodgdon huonya kwamba vipimo vyake visipunguzwe kwa zaidi ya asilimia 3, kwa sababu ikipungua huwaka kwa kusitasita na inaweza kukiacha kichwa katikati ya mtutu. Mtu wa vichwa vya kusubu, ambaye mara nyingi anataka magnamu iliyotulizwa kidogo, hana haja ya kufungwa na masharti hayo. 2400 hukubali kupunguzwa ndani ya mipaka ya jedwali, na kwa maoni yangu ndiyo baruti ya magnamu inayokaa vizuri na risasi ya kusubu isiyo na kikombe cha shaba kitakoni. Ilipotoka .357 Magnum mwaka 1935, risasi za kiwandani zenye vichwa laini zilisifika vibaya kwa kuchafua mitutu. Mwendo mkubwa juu ya madini laini ni tatizo la zamani, na ama huponywa kwa kikombe cha shaba, ama kwa madini magumu zaidi yaliyokaa sawa mtutuni, ama kwa kupunguza mwendo.

Hatua ya tano: angalia ujazo ndani ya ganda

Hapa ndipo ningemshauri anayeanza atumie muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Kiasi cha Bullseye au Titegroup kinachotosha risasi ya shabaha ya .38 Special hufunika sakafu ya ganda tu. Ganda hilo lina nafasi ya kupokea kiasi hicho mara mbili, hata mara tatu, bila kumwagika na bila kichwa kukataa kuingia. Mjazaji aliyeitwa na simu katikati ya kazi, akarudi na kuvuta mkono wa mashine mara ya pili juu ya ganda lile lile, ametengeneza risasi inayoweza kupasua silinda na kuondoa vidole. Bastola nyingi zilizopasuka kwa risasi za kujaza nyumbani zinasadikiwa kupasuka kwa njia hii hii.

Kwa hiyo kati ya baruti mbili zinazofaa kwa kila kigezo kingine, anayeanza achukue iliyo pana, ile ambayo mgao mmoja hufika nusu ya ganda au kuzidi, ili mgao wa pili ufurike na kuonekana. Unique ina vipande vyepesi vinavyochukua nafasi nzuri katika .38 na .45 Colt. Red Dot nayo ni pana kwa baruti ya kasi yake. Trail Boss, iliyotengenezwa kwa vipande vyenye tundu katikati mahsusi kwa vichwa vya risasi na mashindano ya walenga shabaha wanaovaa kama wachunga ng'ombe wa kale, ilijaza maganda ya kizamani kuliko nyingine zote, lakini imekuwa adimu, na haipaswi kamwe kushindiliwa chini ya kichwa.

Ujazo una jambo la pili, ambalo ni mahali baruti inapolala. Katika ganda lenye nafasi kubwa tupu, baruti kidogo inaweza kulala upande wa fataki au upande wa kichwa, kutegemea mtu ameiinua bastola kutoka wapi, na mwendo wa risasi hubadilika kwa kadiri hiyo. Baruti nyingine hazijali sana. Titegroup inasifiwa kwa sababu hiyo. Nyingine hutofautiana sana. Anayemiliki kipima mwendo anaweza kujaribu mwenyewe: afyatue risasi tano akiwa kwanza ameelekeza mtutu juu kisha ameushusha taratibu, halafu tano akiwa ameuelekeza chini kisha ameuinua taratibu, yote haya akiwa kwenye uwanja wa shabaha na mtutu ukielekea kwenye kinga anapofyatua. Pengo kati ya wastani hizo mbili ndilo jibu.

Sasa mwelekeo wa hatua hii unapingana na ule wa hatua iliyopita, maana baruti za haraka zinazofaa .38 ndizo nyingi zisizojaza ganda. Mjazaji mzoefu mwenye taa nzuri, anayechungulia kila ganda kabla ya kuweka kichwa, anaweza kuishi na Titegroup miaka yote. Anayeanza, na hasa anayetumia mashine inayofanya kazi zote kwa mkupuo mmoja, asijipe mtihani huo. Ajaze maganda hamsini kwenye kibao chenye matundu, ayamulike yote kwa kurunzi kwa pamoja, na ndipo aanze kuweka vichwa.

Hatua ya sita: mambo ya mezani

Baruti za vipande vikubwa kama Unique hupita kwenye kipimia cha ngoma, kile kifaa cha kugawia baruti, kwa kukwaruza, na mgao wake hupanda na kushuka kuliko ule wa HP-38, ambayo punje zake ni ndogo na hutiririka. Kwa migao ya wastani tofauti hiyo haina madhara, lakini ganda dogo la 9mm, ambamo sehemu ndogo ya greni inabadilisha shinikizo, hudai baruti inayotiririka. Mzani ukaguliwe kwa mawe ya kipimo kila unapoanza kazi, na usiwekwe karibu na feni wala dirisha lililo wazi.

Moshi huwasumbua watu bila sababu. Sehemu kubwa ya moshi wa risasi za kusubu hutoka kwenye nta, si kwenye baruti, na anayehama baruti kwa ajili ya moshi huambulia kidogo. Vipande ambavyo havikuungua ni habari nyingine. Unique katika risasi dhaifu huacha punje, na punje moja chini ya nyota ya kutolea maganda inaweza kuizuia silinda isizunguke. Dawa yake mara nyingi ni kupanda kidogo ndani ya jedwali au kubana mdomo wa ganda vizuri zaidi, au kushuka hadi kwenye baruti ya haraka zaidi. Wanaopaka rangi ya unga baadhi yao hulalamika kwamba Titegroup, ambayo huwaka kwa joto kubwa, huwatolea moshi zaidi ya nyingine.

Gharama ihesabiwe kwa mgao, si kwa kopo. Kwa mfano wa hesabu tu, mgao wa greni 5 hutoa risasi 1,400 kwa pauni moja, na mgao wa greni 20 hutoa 350. Upatikanaji nao ni kigezo halali, kwa kuwa tangu 2020 makopo mengi yamekuwa yakipotea madukani kwa miezi. Orodhesha baruti tatu zinazofaa badala ya moja, ili siku ukikosa ya kwanza usishawishike kununua isiyofaa.

Hatua ya saba: soma jedwali kwa makini

Tumia jedwali la vichwa vya madini ya risasi visivyovikwa kitu, wala si la vichwa vilivyovikwa shaba, kwa kuwa msuguano na shinikizo lake havifanani. Kalibu inayotajwa iwe na umbo karibu na la kwako, kwa sababu kichwa kinachozama ndani zaidi ya ganda hupunguza nafasi na kupandisha shinikizo, na katika 9mm upandaji huo ni wa ghafla. Usipokipata kichwa chako kwa baruti uliyonayo, ni heri kubadilisha baruti kuliko kukisia.

Soma jina lote la kopo. Hodgdon iliwahi kuuza Clays, International Clays na Universal Clays kwa wakati mmoja, na zilikuwa baruti tatu tofauti. Vivyo hivyo H4227 na IMR 4227 zilikuwa na historia tofauti licha ya namba kufanana. Jedwali la miongo iliyopita lenye jina la Hercules, ambayo baruti zake sasa ni za Alliant, lisitumike bila kulinganishwa na la sasa. Aina ya fataki ifuatwe ilivyoandikwa, maana fataki ya magnamu mahali pa ile ya kawaida hupandisha shinikizo.

Isipokuwa kwa H110 na 296, ambazo zina masharti yake, anzia kwenye kipimo cha chini na upande kwa hatua ndogo. Katika risasi za kusubu, usahihi mara nyingi hupatikana katikati ya jedwali au chini yake, na wanaokimbilia kilele huupita bila kuuona.

Hatua ya nane: jaribu, kisha hifadhi

Jaza risasi kumi kwa kila kipimo, usijaze mia tano kabla ya majaribio. Baada ya kila risasi chache, fungua bastola, hakikisha ni tupu, na uchungulie mtutu dhidi ya mwanga. Mlio dhaifu usio wa kawaida uwe amri ya kusimama: kichwa kinaweza kuwa kimekwama, na risasi inayofuata nyuma yake huvimbisha mtutu au kuupasua. Fataki iliyobapa si ishara ya kutegemewa katika maganda ya shinikizo dogo kama .38, kwa sababu shinikizo linaweza kuvuka kiwango cha bastola kabla ya ishara hiyo kuonekana, kwa hiyo ukomo wako ni jedwali.

Mikono ioshwe kwa maji baridi na sabuni kabla ya kugusa chakula. Mvuke wa sufuria ya kusubia si hatari pekee ya madini ya risasi. Mabaki ya fataki kwenye maganda machafu na hewa ya uwanja wa ndani hubeba madini hayo zaidi ya watu wanavyodhani, na watoto wasikaribie meza hiyo. Mwindaji wa California naye ajue kwamba jimbo hilo, tangu Julai 2019, haliruhusu risasi zenye madini ya risasi katika uwindaji, hivyo kazi yake yote hii ni ya shabaha tu.

Baruti ihifadhiwe katika kopo lake la asili, mahali pakavu na pa baridi, mbali na fataki na moto. Viwango vya NFPA, shirika la kinga ya moto la Marekani, huruhusu hadi pauni 20 nyumbani katika makopo ya asili, na zaidi ya hapo hutaka sanduku la mbao la unene wa inchi moja. Usiihamishie baruti kwenye chupa ya kioo wala kwenye sefu isiyopitisha hewa, kwa kuwa chombo kilichobana ndicho kinachogeuza moto kuwa mlipuko. Ukifungua kopo ukakutana na harufu kali ya tindikali au vumbi jekundu la kutu, baruti hiyo imeoza.

Kazi ikiisha, mwaga iliyobaki kwenye kipimia irudi katika kopo lake, ukiwa na kopo moja tu juu ya meza. Kipimia kilichoachwa na baruti usiku kucha, na asubuhi hakuna anayekumbuka ilitoka kopo gani, kimwagwe na baruti hiyo iharibiwe kwa kuchomwa nje mahali pa wazi, kwa tabaka jembamba na kwa kiasi kidogo kidogo, hata kama inafanana kabisa na ile iliyo rafuni.